Odera Oruka: Msomi aliyeisaka mantiki kwa wazee wa vijijini

MTAA wa Kibera jijini Nairobi umewahi kuvishwa sifa isiyokuwa yake. Kwa miaka mingi ilisemwa, ikaandikwa na kurudiwa katika pembe nyingi za dunia kwamba mtaa huo wa mabanda ulikuwa na wakazi milioni moja, na wengine hawakusita kuongeza juu ya hapo. Kila aliyeitaja idadi hiyo aliipokea kutoka kwa aliyemtangulia, naye akamkabidhi aliyemfuata.

Karibu na wakati wa sensa ya 2009, wakazi waliopewa mafunzo na watafiti walipita nyumba hadi nyumba katika Kianda, mojawapo ya vijiji takriban kumi na viwili vinavyounda Kibera. Walihesabu watu 15,219. Hebu msomaji afanye hesabu ndogo. Ikiwa Kianda ilikuwa na watu hao, basi ili Kibera ifikishe milioni moja, kila kijiji kilichosalia kingehitaji kuwa na wakazi zaidi ya 80,000. Mtu anayezijua njia za Gatwekera, Lindi, Makina na Laini Saba atajiuliza ni kipi kati ya vijiji hivyo kingeweza kuizidi Kianda mara tano, sembuse vyote.

Watafiti hao walikadiria kuwa Kibera nzima ilikuwa na watu kati ya 235,000 na 270,000. Sensa ya serikali ya 2009 ilitoa idadi ya chini zaidi, yaani 170,070. Tofauti ya hesabu hizo mbili yaweza kujadiliwa, kwa kuwa kila moja ilifuata njia inayoweza kuelezwa na kukosolewa. Idadi ya milioni moja haikuwa na njia ya kukosoa. Ilikuwa na wasemaji wengi tu.

Wahenga walituachia methali kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Hata hivyo, kuna Mkenya mmoja aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba hata penye wengi neno laweza kuharibika, na kwamba katika kila jamii huwapo mtu mwenye ujasiri wa kulipima. Mkenya huyo ni marehemu Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mnamo Desemba 9, 1995, akiwa na umri wa miaka 51.

Kutoka Ugenya hadi Uppsala

Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944 huko Ugenya, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya. Baba yake, Mzee Oruka Rang'inya, alikuwa mtu aliyesikilizwa na majirani zake kwa sababu ya busara. Mtoto huyo alikulia mahali ambapo ugomvi wa mpaka, mahari au mifugo ulitatuliwa kwa maneno, na ambapo mzee asiyeweza kuitetea kauli yake hakuheshimiwa kwa mvi pekee.

Kijana huyo alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, alielekea Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi. Hakwenda kusomea falsafa. Alianza na masomo ya sayansi, yakiwemo ya hali ya hewa na jiografia, kabla ya kuvutwa na falsafa na kufundishwa na Ingemar Hedenius, mwanafalsafa aliyejulikana Uswidi kwa kudai kwamba mtu asiamini jambo lolote bila sababu za kutosha. Baadaye alisoma pia katika Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, Marekani. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1970.

Mwaka huo huo alirejea nyumbani na kuanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho ndipo tu kilikuwa kimepata hadhi ya chuo kikuu kamili. Ulikuwa wakati wa mabishano makali. Miaka miwili awali, mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikuwa wamependekeza kwamba idara ya Kiingereza ifutwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Katika falsafa, swali lilikuwa zito zaidi, kwani baadhi ya wasomi walishuku kama kulikuwa na kitu cha Kiafrika cha kufundishwa.

Shaka hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1910, msomi Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl alikuwa amechapisha kitabu akidai kwamba watu wa jamii alizoziita za kale hawakusumbuliwa na mkinzano wa mawazo, kana kwamba kwao jambo moja lingeweza kuwa kweli na uongo kwa wakati mmoja. Mwenyewe alikuja kulegeza kamba uzeeni, lakini dai lilikuwa limeshaenea. Mwaka 1945, mmishenari Mbelgiji Placide Tempels, aliyehudumu Kongo, alitoa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Tempels aliwatetea Waafrika kwa kusema wana falsafa, ila aliieleza kuwa ni ya jamii nzima kwa pamoja, ambayo wenyewe hawakuweza kuifafanua mpaka wasaidiwe na mgeni.

Odera Oruka aliona kwamba kauli zote mbili zilimnyima Mwafrika kitu kile kile. Ya kwanza ilimnyima akili ya kupambanua. Ya pili ilimpa hekima, lakini ikamnyima nafasi ya kusimama peke yake na kusema kwamba jamii yake imekosea. Aliandika dhidi ya mtazamo huo tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, akionya kwamba ngano na imani za kabila zisiitwe falsafa kwa sababu tu ni za Kiafrika.

Kinasa sauti vijijini

Kulaumu ni rahisi. Msomi huyo alijua kwamba, ikiwa anadai wapo Waafrika wa kijijini wasiosoma ambao hufikiri kwa kina na kwa kujitegemea, basi ni wajibu wake kuwaonyesha. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 1974 yeye na wenzake wa chuo kikuu walianzisha utafiti kuhusu fikra za wazee wenye hekima nchini Kenya. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi, ikawafikia wazee wa Nyanza, Magharibi, Kati na Meru, na matunda yake yalichapishwa mwaka 1990 katika kitabu kilichompa jina duniani, Sage Philosophy.

Njia aliyoifuata ilikuwa nyepesi kuieleza lakini ngumu kuitekeleza. Mtafiti alikaa na mzee na kumuuliza kwanza jamii yake inasema nini kuhusu jambo fulani, tuseme Mungu, kifo, ukweli, au usawa wa mume na mke. Mzee akishajibu, aliulizwa swali la pili: je, yeye mwenyewe anakubaliana na jamii yake, na kwa sababu gani? Mtafiti alileta pingamizi, akatoa mfano wa kupinga, akasubiri.

Swali la pili ndilo lililotenganisha watu. Wazee wengi walizijua mila kwa ufasaha wa kusifika, lakini walipoombwa sababu walirudi kwenye mila zile zile. Hao Odera Oruka aliwaita wenye hekima wa jadi, na aliwaheshimu kama watunzaji wa urithi. Wachache waliweza kuiweka mila mbele yao, wakaizunguka na kuikagua, wakakubali sehemu na kukataa sehemu nyingine kwa hoja. Hao aliwaita wanafalsafa, hata kama hawakuwahi kushika kalamu. Aliwakumbusha waliomcheka kwamba Sokrate wa Athene naye hakuandika kitabu.

Mmoja wa wazee hao alikuwa Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuwa Ker, yaani kiongozi wa kitamaduni wa Waluo. Aliulizwa iwapo Mungu wa Waluo ni tofauti na Mungu wa mataifa mengine. Mzee Mbuya alijibu kwamba watu wake walikosea walipodhani kuwa wana Mungu wao peke yao. Hoja yake ilikuwa kwamba maumbile hufuata utaratibu ule ule kila mahali. Kama kungekuwa na miungu mingi yenye nguvu sawa, mapenzi yao yangegongana na maumbile yangevurugika. Kwa kuwa hayavurugiki, alihitimisha kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote. Msomaji anaweza kuikubali hoja hiyo au kuipinga, lakini hawezi kusema si hoja. Ina msingi, ina hatua na ina hitimisho.

Mzee huyo huyo alipoulizwa kama mwanamume ni bora kuliko mwanamke, alitofautisha mambo ambayo wengi huyachanganya. Alikiri kwamba mwanamume aweza kukimbia kwa kasi kuliko mwanamke. Papo hapo aliongeza kwamba mwanamke huweza kubeba mimba na kustahimili uchungu wa kuzaa, jambo ambalo mwanamume haliwezi. Kutokana na hayo, alisema, hakuna njia halali ya kufikia hitimisho kwamba mmoja ni mkubwa na mwingine ni mdogo. Kumzidi mtu katika jambo moja hakumaanishi kumzidi katika utu.

Kuhusu ujamaa wa kale, ambao wanasiasa wa wakati huo waliupamba sana, Mbuya alitahadharisha dhidi ya kutumia neno bila kulichunguza. Alieleza kwamba Waluo wa zamani hawakugawana mali kwa usawa. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi jirani asiye nao baadhi ya mifugo aitunze na afaidike nayo, lakini umiliki ulibaki kwa mwenyewe. Ulikuwa ushirikiano, na ushirikiano si sawa na mali kuwa ya wote.

Babake mtafiti, Mzee Rang'inya, naye alihojiwa kabla ya kifo chake mwaka 1979. Alisema kwamba ni makosa kumfanya Mungu kuwa mfano wa mtu, kwani kwake Mungu alikuwa ni wazo, wazo la wema wenyewe. Kauli kama hiyo kutoka kwa mzee wa kijijini ingewashangaza waumini wa makanisani na wafuasi wa jadi kwa pamoja. Mzee mwingine, Njeru wa Kinyenje, alitia shaka dini na uganga vyote viwili. Hapo ndipo lilipobomoka dai la kwamba Waafrika wote wa kale waliwaza kwa sauti moja.

Wakosoaji wake

Haikosi kusemwa kwamba kazi hiyo ilipata wapinzani. Mwanafalsafa Mnigeria Peter Bodunrin alidai kwamba mzee anapoulizwa maswali na profesa, majibu yanayopatikana huwa ni mtoto wa wawili hao, wala hayawezi kuhesabiwa kuwa falsafa ya mzee peke yake. Odera Oruka alijibu kwamba hali hiyo haiwapati wazee wa Afrika pekee. Kila mwenye kufikiri huamshwa na maswali ya mwenzake, na hakuna mwanafalsafa aliyewahi kuanza na ukurasa mtupu.

Wengine waliuliza ni nani aliyempa yeye mamlaka ya kuamua kuwa mzee huyu ni mwanafalsafa na yule si mwanafalsafa, hasa ikizingatiwa kwamba babake mzazi alikuwemo katika orodha. Swali hilo ni la haki, na mtu aliyefundisha wengine kuhoji hakuweza kulikasirikia.

Mtihani mkubwa zaidi ulimfika hadharani. Desemba 20, 1986, wakili mashuhuri wa Nairobi, S.M. Otieno, alifariki. Mjane wake, Wambui Otieno, ambaye alikuwa Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kulingana na mila za Waluo. Kesi hiyo iliigawa nchi. Odera Oruka aliitwa na upande wa ukoo kutoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu mila hizo. Februari 1987 mahakama iliupa ukoo ushindi, Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwezi Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga.

Waliomsikia wakati huo, na wanaosoma kesi hiyo hadi leo, wameuliza ikiwa mtu aliyewasifu wazee wanaohoji mila alifaa kusimama upande ambao ulitaka mila itawale. Wanaomtetea husema kwamba kueleza mila ilivyo si sawa na kudai kwamba mila hiyo ni sahihi, na kwamba aliitwa mahakamani kwa ajili ya jambo la kwanza. Wanaomkosoa husema kwamba katika kesi ya namna ile, kueleza na kuunga mkono vilikuwa vigumu kutenganishwa. Mwenyewe hakuuficha ushahidi wake. Aliuchapisha katika kitabu chake ili kila mtu aupime.

Tumbo na mantiki

Odera Oruka hakuwa msomi wa wazee peke yake. Falsafa ilipotenganishwa na masomo ya dini mwaka 1980, yeye ndiye aliyeongoza idara hiyo mpya. Aliandika kuhusu adhabu, uhuru na maadili, akachapisha mazungumzo yake marefu na Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1992, na mnamo Julai 1991 aliongoza maandalizi ya kongamano la dunia la wanafalsafa jijini Nairobi kuhusu binadamu na mazingira. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Uppsala kilimtunuku shahada ya heshima.

Lakini kwa wakazi wa mitaa kama Kianda, pengine hoja yake yenye uzito zaidi ni ile aliyoitoa mwaka 1989 kuhusu haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu. Alisema kwamba ili mtu aweze kufikiri kwa busara na kuwajibika kwa matendo yake, sharti awe na mambo matatu: usalama wa mwili wake, huduma ya afya, na riziki ya kumtosha kuishi. Kwa kuwa bila mambo hayo mtu hawezi kutumia haki nyingine yoyote, haki hiyo hutangulia zote, na dunia nzima ina wajibu wa kuitimiza bila kuangalia mipaka ya nchi.

Hoja hiyo inastahili kusomwa taratibu. Odera Oruka hakusema kwamba maskini hawana akili. Alikuwa ametumia miaka ikijaa kuthibitisha kinyume. Alichosema ni kwamba anayemtaka mwenzake afikiri sawasawa huku amemwacha na njaa, maradhi na hofu, amemtaka aifanye kazi huku amemfunga mikono. Kufikiri ni jambo la kichwa, lakini kichwa hubebwa na mwili.

Mfano wa hofu uko karibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia vibaya kutokana na ghasia. Uvumi ulisafiri kwa kasi, na mtu alihukumiwa kwa jina lake tu. Ukiondoa hasira, ndani ya uvumi huo mlikuwa na kosa moja la kufikiri: huyu ametenda ubaya, huyu ni wa kabila fulani, kwa hivyo wa kabila hilo wote ni wabaya. Ni kosa lile lile alilolikataa Mzee Mbuya alipokataa kuutumia mbio za mwanamume kuwa kipimo cha utu wa mwanamke. Kosa hilo likifanywa darasani hupoteza alama. Likifanywa mtaani usiku wa ghasia hupoteza maisha ya watu.

Maswali mawili

Odera Oruka alifariki baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi. Kitabu chake kuhusu falsafa ya vitendo na maadili ya msingi kilitoka mwaka 1997, yeye akiwa kaburini. Wanafunzi wake na wasomi wa mbali wameiendeleza kazi yake, na jina lake hutajwa katika vyuo vya Afrika, Ulaya na Marekani kila inapojadiliwa falsafa ya Kiafrika. Nyumbani, wengi wanaopita karibu na chuo alikofundisha hawamfahamu.

Hata hivyo, urithi wake hauhitaji chuo. Katika Kianda, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Kibera, mizozo mingi ya kodi ya nyumba, maji, mtaro na watoto haifiki mahakamani. Humalizwa mbele ya wazee wa kijiji na majirani. Mbele ya baraza la namna hiyo, maswali mawili ya Odera Oruka yanatosha. La kwanza: watu wanasema nini? La pili: wewe mwenyewe unasema nini, na kwa sababu gani?

Mama mboga anayeambiwa kwamba bei ya maji imepanda kwa sababu ya jirani mgeni aweza kuuliza kama bei haikuwahi kupanda kabla mgeni huyo hajahamia. Mpangaji anayeahidiwa faida maradufu kwa mwezi mmoja aweza kuuliza kwa nini mwenye ahadi hiyo hajajitajirisha mwenyewe kwanza. Mzazi anayeambiwa kuwa jambo fulani ni mila aweza kuuliza lilianza kwa ajili gani, na kama sababu hiyo ingalipo. Maswali hayo hayagharimu shilingi wala hayadai cheti.

Kianda ilipohesabiwa, jambo lililokuwa limerudiwa na dunia nzima liliyumba, nayo kazi ya kuhesabu ilifanywa na wakazi wenyewe waliobisha hodi mlango hadi mlango. Odera Oruka hakuishi kuiona siku hiyo. Angeiona, huenda asingeshangaa kwamba wakazi wa mtaa wa mabanda ndio waliousaidia ulimwengu kufikiri upya, kwani hilo ndilo alilokuwa amewaambia wasomi wenzake kwa zaidi ya miaka ishirini.